Moto wa Kupikia na Moto wa Kuota

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo nimelitafakari kwa miaka mingi, nalo ni kuota. Tunaota jua, na tunaota moto. Hatuoti hewa, wala hatuoti blanketi. Aliyejifunika blanketi amejifunika tu, na aliyevaa sweta amevaa tu. Lakini mtu aliyekaa mbele ya moto wa kuni, au aliyeegemea ukuta asubuhi huku uso kauelekeza kwenye jua, huyo ndiye anayeota. Wazee waliotuachia neno hili hawakuingia darasa la fizikia. Hata hivyo waliona kwamba jua lililo mbali mno angani, na moto ulio hatua moja mbele ya miguu, humpa mtu joto la namna moja, nao wakalipa jina moja.

Nilifundisha sayansi kwa zaidi ya miaka 30, na mingi katika hiyo niliitumia hapa hapa Usambara. Kila mwaka tulipofika kwenye mada ya joto niliwaambia wanafunzi kwamba joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, msafara na mnunurisho. Ya kwanza ni ile inayokuunguza vidole ukishika kijiko kilichosahauliwa ndani ya sufuria. Ya pili ni ile ya maji yanayochemka, yaliyopata moto yakipanda juu na yenye baridi yakishuka chini. Ya tatu ndiyo iliyowatatiza wengi, kwa sababu haishikiki wala haionekani. Basi niliwapeleka jikoni kwa mpishi wa shule, nikamsimamisha mmoja wao mbele ya makaa, kisha nikaweka daftari kati ya uso wake na moto. Nikamwuliza, "Unasikia nini?" Akajibu, "Joto limekatika, Mwalimu." Hewa ya mle jikoni ilikuwa ile ile. Kilichokatika ni mionzi iliyokuwa ikitoka kwenye makaa na kumfikia moja kwa moja. Huo ndio mnunurisho, na kwa lugha ya mama zetu huko ndiko kuota.

Jambo ambalo watu wengi hawalifahamu ni kwamba si moto na jua tu vinavyorusha joto la namna hii. Kila kitu hurusha: ukuta, jiwe, kiti, hata mwili wa mtu. Kadiri kitu kinavyopata moto ndivyo kinavyorusha zaidi, tena kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1879 mwanasayansi Josef Stefan wa mjini Vienna alionyesha kwamba halijoto ya kitu, ikipimwa kuanzia sifuri halisi, ikiongezeka mara mbili, joto linalorushwa huongezeka mara 16. Mtu aliyekaa tu bila kufanya kazi hutoa joto la kiasi cha wati 100, sawasawa na balbu kubwa ya zamani. Sehemu kubwa ya joto hilo humtoka kwa mnunurisho na kwenda kwenye kuta, sakafu na dari vinavyomzunguka. Kuta zikiwa na uvuguvugu, nazo humrudishia lake. Zikiwa na baridi, yeye anatoa kingi na kupokea kidogo, na atatetemeka hata kama hewa ya chumba si mbaya. Kwa hiyo joto la nyumba si joto la hewa peke yake. Ni joto la vitu vinavyomtazama mtu.

Ndugu zetu wa pwani wanaweza kushangaa kwamba mtu wa Mkoa wa Tanga anaandika habari za kupasha nyumba joto. Lakini apandaye kutoka Mombo, mji ulio chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, ataelewa kabla hajafika. Barabara inafuata mto, inapita Soni penye maporomoko, na baada ya kilomita thelathini na kitu inakufikisha Lushoto, mita 1,400 hivi juu. Abiria waliopanda basi wakijipepea kwa magazeti hushuka wakitafuta masweta yao. Katika miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, ukungu hukaa mabondeni mpaka saa nne asubuhi, na usiku kipimajoto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Kule juu zaidi, Magamba, Lukozi na Shume, hushuka kuliko hapo. Hii si baridi ya kuua kama ya Ulaya. Ni baridi ya kuchosha, inayoingia kwenye magoti ya wazee na kwenye vifua vya watoto, na kwa kuwa haiui upesi, hakuna anayeihesabu kuwa ni tatizo.

Nyumba ya Kisambaa ya zamani iliihesabu. Ilijengwa kwa miti na fito, ikakandikwa udongo mnene, ikaezekwa nyasi, na mafiga yakawekwa ndani, mahali ambapo kila alalaye angeyafikia kwa macho. Moto uliopikia makande jioni haukuzimwa, ulifukiwa. Udongo wa kuta na wa sakafu ulikunywa joto tangu alasiri, ukalitoa polepole usiku kucha. Juu ya mafiga palikuwa na dari ya fito ambamo mahindi na maharagwe yalikaushwa, na moshi ukayakinga yasiliwe na wadudu. Moto mmoja ulifanya kazi nne: kupika, kuangaza, kukausha chakula na kuwapasha watu joto. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mimi ningeongeza kwamba mafiga matatu hayakuinjika chungu tu, yaliinjika nyumba nzima.

Sisemi haya ili kuisifu nyumba ile kupita kiasi. Nililelewa ndani yake, na najua ilivyokuwa. Macho ya bibi yangu yalikuwa mekundu daima. Tulikohoa tangu utoto, tukadhani kukohoa ni tabia ya binadamu. Moshi ule ule uliokinga mahindi ulikuwa ukiingia mapafuni mwetu, na walioumia zaidi walikuwa wanawake na watoto wachanga waliobebwa mgongoni wakati wa kupika.

Wajerumani walipofika walikuwa na njia yao. Waliupa mji huu jina la Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao, na wakubwa wa serikali yao walipanda huku kukimbia joto la pwani. Ajabu ni kwamba, wakiisha kulikimbia joto, kitu cha kwanza walichokitaka katika nyumba zao ni mahali pa moto penye dohani. Nyumba kadhaa za wakati huo, na za Waingereza waliowafuata, bado zina mahali hapo pa mawe sebuleni. Dohani iliwaondolea moshi, na hilo ni jema. Lakini moto wa namna ile ni mlafi. Sehemu kubwa ya joto hutoka na moshi kwenda angani, nao huvuta hewa ya baridi kupitia nyufa za milango. Anayekaa mbele yake uso unaungua na mgongo unaganda.

Mtu mmoja aliyelishughulikia tatizo hilo huko Uingereza miaka ya 1790 alikuwa Benjamin Thompson, aliyejulikana kwa cheo chake cha Count Rumford. Alipunguza kina cha mahali pa moto, akazielekeza kuta zake za pembeni kwa nje, na akalibana koo la dohani. Alijua kwamba hewa iliyopata moto itaondoka tu na moshi, kwa hiyo faida ya moto ule ni joto linaloruka kutoka kwenye makaa na kwenye mawe yaliyopata moto. Basi akayapanga mawe yaelekee watu. Kwa maneno mengine, alitengeneza mahali pa kuota.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike haya yote. Mama yangu anaishi katika kijiji kilicho juu, njia ya Lukozi. Mwaka 2021 sisi watoto wake tulimaliza kumjengea nyumba mpya: kuta za tofali za saruji, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo, bati jipya. Ni nyumba ya kupendeza, na wapita njia huisifu. Mwaka uliofuata mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam alimtumia jiko la gesi na mtungi wake, kwa sababu mganga wa zahanati alikuwa amemwambia mama kwamba kifua chake kimechoshwa na moshi na hana budi kuukimbia. Mama alishukuru sana. Alijifunza kuwasha gesi kwa siku moja, akapika chai na ugali juu yake, akatuombea baraka. Kisha lilipoingia kipupwe alihamisha godoro lake akarudi kulala katika jiko la zamani nyuma ya nyumba, lile la udongo lenye mafiga, na ndani yake moshi.

Tulikutana wote kulizungumza. Mdogo wangu aliudhika, na nilimwelewa. Alisema tumetumia fedha nyingi kumtoa mama kwenye moshi, naye anarudi kwa miguu yake mwenyewe. Dada yetu mkubwa alisema afadhali tumpeleke kwake Tanga, akae kwenye joto kama watu wengine. Mjomba wetu akasema mwacha asili ni mtumwa, na kwamba mama yuko sahihi. Mama alitusikiliza wote mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kisambaa chake cha taratibu: "Wanangu, gesi inapika, sikatai. Lakini chakula kikishaiva inazimwa, na nyumba inakuwa kama kisima. Baridi ya huku nimezaliwa nayo, hainitoi kwangu. Ila usiku nataka kuota moto."

Hapo ndipo somo nililolifundisha maisha yangu yote liliponijia likiwa na sura ya mzazi wangu. Mafiga yalikuwa na kazi mbili kubwa, kupika na kuota. Jiko la gesi limechukua moja na kuiacha nyingine bila mwenyewe. Tena hata likiwaka, halifai kwa kuota, na sababu yake ni ya kisayansi. Kaa la kuni ni kitu kigumu kinachong'aa, na mwali wa manjano umejaa chembe za masizi zinazong'aa pia. Hivyo hurusha joto kwa wingi. Mwali wa buluu wa gesi hauna chembe hizo. Huipasha sufuria iliyo juu yake kwa kuigusa, lakini aliyekaa pembeni haambulii kitu. Waingereza waliotaka kuota moto wa gesi walilazimika kusimamisha vibao vya udongo wa kuchoma mbele ya mwali, ili vibao hivyo vipate moto na kuwarushia joto.

Nyumba yenyewe nayo ilikuwa ikimdai mama joto lake. Saruji ya sakafu iliyomwagwa juu ya ardhi ya mlimani haina mwisho wa kunyonya. Bati jembamba hupitisha baridi ya usiku, na alfajiri matone ya maji huning'inia chini yake. Mwanamke wa zaidi ya miaka 80, mwenye mwili mdogo, alilala katikati ya kuta nne, sakafu moja na bati, vyote vikipokea joto lake na hakuna kinachomrudishia. Katika jiko la zamani kuta zilikuwa za moshi na masizi, lakini zilikuwa na joto. Kwa hiyo kurudi kwake nyuma ya nyumba hakukuwa ukaidi wa mtu mzee. Alikuwa amepima mambo mawili kwa mwili wake, akachagua.

Jirani mmoja alitushauri tumnunulie jiko la mkaa, awe analiingiza chumbani usiku. Hilo tulilikataa siku ile ile, nami namwomba kila msomaji alikatae. Mkaa hauna moshi mwingi, lakini unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu aliyelala haamki kujiokoa. Watu wamelala hivyo katika sehemu zetu za baridi, wakiwa wamefunga dirisha vizuri ili joto lisitoke, na kesho yake mlango ukavunjwa na majirani. Hakuna baridi ya Usambara inayostahili kulipiwa bei hiyo.

Hita ya umeme tuliifikiria pia. Ile yenye waya unaowaka wekundu na kioo cha chuma nyuma yake ni chombo cha kuota hasa, kwa kuwa hurusha joto lake kwa aliyekaa mbele. Lakini hita ya wati 1,000 hula uniti moja ya umeme kila saa. Kwa mzee anayehitaji joto kuanzia magharibi hadi alfajiri, miezi mitatu mfululizo, hesabu inakataa. Umeme wenyewe hukatika, hasa usiku wa mvua, na ndio usiku wa baridi zaidi.

Basi nikarudi kwenye vitabu, kuona wenzetu wa nchi za baridi walifanyaje kabla ya umeme. Warumi wa kale waliinua sakafu za mabafu yao juu ya vinguzo vifupi vya matofali, wakapitisha hewa ya moto chini yake, na sakafu ikawapasha watu kuanzia nyayo. Lakini waliolifumbua fumbo linalofanana na letu hasa ni Wakorea. Kwao moto wa jikoni hauna kazi moja. Jiko hujengwa chini kidogo ya chumba. Moshi wake, badala ya kuingia ndani, huongozwa katika mifereji chini ya sakafu ya mawe ya chumba cha kulala, kisha hutokea upande wa pili kwenye dohani. Chakula huiva, mawe hupata moto, na watu hukaa na kulala juu ya sakafu yenye uvuguvugu usiku kucha bila kuuona moshi. Huiita ondol, na mwaka 2018 Korea Kusini iliuweka utamaduni huo katika orodha ya urithi wa taifa. Wachina wa kaskazini nao wana kitanda cha matofali, kang, kinachopata joto kwa njia hiyo hiyo.

Mmarekani Frank Lloyd Wright, mmoja wa wasanifu majengo mashuhuri wa karne iliyopita, alisimulia kwamba aliingia katika chumba cha namna hiyo huko Japani akiwa ametetemeka kwa baridi, na hakukisahau. Katika nyumba ya familia ya Jacobs iliyokamilika mwaka 1937 mjini Madison, Wisconsin, aliweka mabomba chini ya sakafu ili sakafu yenyewe iwe jiko. Leo nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na za Wakorea wenyewe, zina mabomba ya plastiki ndani ya sakafu yanayopitisha maji ya moto. Sakafu haihitaji kuwa na moto mkali. Haizidi nyuzi 29 hivi mahali watu wanapokaa. Kwa kuwa ni pana, inatosha.

Sikuwa na fedha za mabomba, wala sikutaka kuigiza. Kitu nilichokichukua kwa Wakorea ni wazo moja tu: moshi usiondoke kabla haujalipa. Mwaka 2023 tulimwita fundi mwashi wa hapo kijijini, mtu aliyezoea kujenga matanuru ya matofali. Nilimweleza ninachotaka. Akanyamaza, akauzunguka ukuta, kisha akasema, "Mwalimu, unataka tanuru lililolala." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

Tulibomoa sehemu ya ukuta ulio kati ya jikoni na chumba cha mama, tukaujenga upya kwa matofali ya udongo ya kuchoma, unene wa tofali zima kila upande. Katikati ya pande hizo mbili tuliacha mfereji unaopanda, kushuka na kupanda tena kabla ya kuingia kwenye dohani. Upande wa jikoni kuna jiko la kuni lililofungwa, lenye matundu mawili ya sufuria. Upande wa chumbani hakuna tundu lolote, ila kibaraza cha matofali cha kukalia, kimeshikamana na ukuta. Tulijenga kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu saruji hupasuka ikipigwa na moto. Fundi alipiga lipu mara mbili upande wa mama, kisha akawasha majani mabichi jikoni, nasi tukakaa chumbani na tochi tukitafuta ufa unaotoa moshi. Tulikuwa na sababu ya kuogopa: huko Korea, walipoanza kutumia makaa ya mawe katika majiko yao ya sakafuni, nyufa ndogo ziliwaua watu wengi usingizini. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya Juni ukuta hukaguliwa, na juu ya dirisha la mama pana tundu lenye wavu lisilozibwa kamwe. Mwishowe tulipigilia dari ya mbao chini ya bati, na juu ya sakafu tukatandika mbao penye kitanda.

Je, ilifaa? Nitasema kweli tupu. Ukuta ule huchelewa. Ukiwasha saa kumi jioni, hausikii kitu chumbani mpaka saa moja usiku. Lakini ukishapata joto hauachi upesi. Alfajiri, moto ukiwa umezimika zamani, ukiweka kiganja juu ya lipu unakuta uvuguvugu kama wa ubavu wa ng'ombe. Mama alihamisha godoro lake kutoka jiko la zamani siku ya nne. Kukohoa hakukuisha, kwa maana kifua cha miaka 80 hakifanywi upya na mwashi, lakini kumepungua, na usiku analala. Kuni anazotumia ni chache kuliko za mafiga, kwa sababu moto umefungwa. Asubuhi akitaka chai ya haraka anawasha gesi ya mdogo wangu. Kila jiko limepata kazi yake, na kila mtoto ameona mchango wake hauzembei.

Lakini kuna kitu hatukukirudisha. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye kile kibaraza, mgongo ukutani, amejifunga kitenge, nikamwuliza kama joto linamtosha. Akasema linamtosha. Baada ya kitambo akaongeza, "Ila ukuta wenu hauna uso." Nilielewa alichokuwa akisema. Moto wa mafiga huwakusanya watu, kwa sababu joto lake huruka kutoka mahali pamoja na kila mmoja hana budi kulielekea. Wakielekea moto, wanaelekeana. Wajukuu walikaa hapo wakisikiliza hadithi kwa kuwa mahali pengine palikuwa na baridi. Chumba kikipata joto pande zote, kila mtu huenda pembeni na simu yake. Sijui fundi anayeweza kujenga dawa ya hilo. Jumapili jioni tunapokuwa wengi, tunakoka moto mdogo uani, na mama huletewa kigoda chake.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu naona nchi yetu imo katika safari kubwa. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni safari njema. Naunga mkono kila mtungi unaookoa mapafu ya mwanamke mmoja. Huku kwetu, tumeona pia milima ilivyovuliwa nguo. Mitarakwa ya Shume ilianza kuteremshwa hadi reli ya Mkumbara kwa waya wa angani tangu enzi ya Wajerumani, na kuanzia mwaka 1981 mradi wa SECAP ulilazimika kutufundisha kupanda miti na majani ya Guatemala kwenye makinga ya mashamba ili udongo usiishie mtoni. Hatuwezi kuendelea kukata kama kwamba msitu ni wa kwetu peke yetu na watoto hawaji.

Lakini msomaji aliangalie lile jina tena: nishati safi ya kupikia. Kwa mtu wa Dar es Salaam maneno hayo yametosha, maana jua humwotesha bure mpaka anaomba msaada. Kwa mtu wa Lushoto, na nadhani hata wa Njombe, Makete au Mbulu, yametaja nusu ya kazi. Mama wa mlimani akirudi kwenye moshi Julai, tusiharakishe kusema hajaelimika. Tumwulize kwanza usiku anaota nini.

Na kwa vijana wanaojenga huku juu kwa fedha wanazozipata mijini, wakileta ramani za nyumba za pwani, nina ushauri mchache usio na gharama kubwa. Vyumba vya wazee vipewe upande unaopata jua la asubuhi, na dirisha lake liwe kubwa. Pasikose dari chini ya bati. Tofali la udongo la kuchoma lisidharauliwe kwa sababu tu saruji inaonekana ya kisasa. Jiko la kuni, kama lipo, liwe na dohani, na ukuta wake uegemeane na chumba cha mtu, siyo na choo au stoo. Na kabla msingi haujachimbwa, mwenye nyumba asimame kiwanjani na fundi wake, ajiulize maswali mawili, siyo moja: watu wangu watapika wapi, na wataota wapi?